Ulimi wa kupachika ni nini, na kwa nini fundi anaweza kuuchonga mwenyewe

Mama mmoja alifika karakanani kwangu Nyakato, simu mkononi. Alikuwa ameniagiza meza ya chakula ya mninga, akapita kabla ya siku tuliyokubaliana ili aone kazi imefikia wapi. Akakuta miguu minne imeegemezwa ukutani, pao nne ziko chini, kila kipande kina matundu, na juu ya benchi kuna rundo la vijibao vidogo vyenye kingo za mviringo. Akaokota kimoja, akakigeuza, akanitazama.

"Fundi, hivi ni vya kuchomeka? Mimi nilitaka ulimi. Marehemu baba yangu alikuwa seremala kule Magu. Ulimi unachongwa kwenye ubao wenyewe."

Kabla sijajibu akafungua simu. Kijana wake alikuwa amemtumia video ya mashine ya Kijerumani inayotoboa tundu kwa sekunde chache, kisha fundi anachomeka kijibao kutoka kwenye pakiti. "Na kama siku hizi ni vya kuchomeka, mbona wewe mashine yenyewe huna? Hivi umevitoa wapi?"

Nikamwambia, "Karibu kiti, mama, tuzungumze."

Maswali yake mawili nayasikia kila wiki, kwa wateja na hata kwa mafundi wenzangu. La kwanza linamaanisha kwamba ulimi usiotoka kwenye ubao wenyewe ni ujanja wa fundi mvivu. La pili linamaanisha kwamba kama si ujanja, basi ni kitu cha kiwandani, na asiyekuwa na mashine wala pakiti anabahatisha. Yote mawili si kweli, na ni vizuri kueleza kwa nini, maana watu wanakataa kazi nzuri na kupokea mbovu kwa sababu hiyo.

Tuanze na maneno. Ulimi ni sehemu ya ubao iliyopunguzwa unene ili iingie ndani ya ubao mwingine. Tundu ni lile shimo la mstatili linaloupokea. Waliopita vyuo vya ufundi huviita tenoni na motisi. Katika kiungo cha kawaida, ulimi unachongwa kwenye ncha ya upao na tundu linachimbwa kwenye mguu. Katika kiungo cha ulimi wa kupachika, upao unakatwa wima tu kwenye ncha, halafu matundu yanachimbwa pande zote mbili, kwenye mguu na kwenye upao, na kipande cha tatu kinaingia nusu huku na nusu kule. Kikishatiwa gundi hakionekani tena. Pao, kwa asiyezijua, ni zile mbao nne zinazozunguka chini ya uso wa meza na kuishika miguu isitawanyike.

Fikiria jembe. Mpini haukuota kwenye chuma. Ni mti mwingine kabisa, umechongwa ukaingizwa kwenye tundu, na kwa jembe hilo watu wamelima pamba na mpunga miaka nenda rudi. Mkulima akinunua mpini haulizi kama umezaliwa pamoja na jembe. Anauliza ni mti gani, nyuzi zake zimenyooka, na unabana sawasawa kwenye tundu lake. Maswali hayo hayo matatu ndiyo ya kumuuliza fundi kuhusu ulimi wa kupachika.

La nyuzi ndilo kubwa kuliko yote, kwa hiyo tukae hapo.

Ubao ni mamilioni ya mirija midogo iliyolazwa upande mmoja na kushikamana ubavu kwa ubavu. Ndiyo maana kuni hupasuka kirahisi ukiigonga kwa kichwani, shoka likifuata mirija, lakini kuikata kwa ubavuni utatoka jasho. Muwa pia uko hivyo: utauchana kwa meno kwa urefu wake, ila kuutenganisha katikati ni lazima uupinde kwanza au uchukue kisu. Nguvu ya mbao iko kwenye urefu wa nyuzi zake. Ubavuni, kinachozishikilia ni ule mshikamano tu wa mrija na mrija, na huo ni mdogo.

Kwa hiyo nyuzi za ulimi lazima zikimbie kwa urefu wake, kutoka ndani ya mguu hadi ndani ya upao, kama nondo inayopita kwenye nguzo na boriti.

Hilo nililijua kwa mdomo kabla sijalijua kwa hasara. Nilipokuwa bado mgeni katika kazi hii nilibaki na kipande cha mninga kifupi, kipana, kizuri mno kukitupa. Nikakata ndimi zangu humo, lakini kwa kuwa kipande kilikuwa kifupi nilizikata nyuzi zikiwa zimelala kwa upana. Kwa macho hakuna ambaye angejua. Meza ikapelekwa Buswelu. Haikumaliza mwaka ikarudi kwenye bajaji, miguu miwili ikining'inia. Nilipoifungua nikakuta gundi haina kosa lolote. Nusu ya kila ulimi ilikuwa imeng'ang'ania ndani ya mguu, na nusu ndani ya upao. Ulimi wenyewe ndio uliokatika, pale pale mbao mbili zinapokutana, mkato mnyoofu kama biskuti. Niliijenga upya kwa mbao zangu na kwa muda wangu, na ilikuwa haki.

Yule mama nilimfanyia jaribio ambalo yeyote anaweza kulifanya. Nilikata vijibao viwili vya unene mmoja, milimita nane, kimoja nyuzi kwa urefu na kingine nyuzi kwa upana. Nikampa. Cha pili alikivunja kwa vidole bila hata kukunja uso. Cha kwanza alikikunja, akakiweka ukingoni mwa benchi akakikandamiza kwa kiganja, akakiacha.

Sasa gundi. Gundi nyeupe ya mbao tunayoitumia wengi inashika vizuri sana pale uso wa ubao unapokutana na uso wa ubao, nyuzi zikiwa zimelala. Kwenye kichwa cha ubao, yaani pale ilipokatwa na mirija ikabaki wazi, gundi inanyonywa ndani kama maji kwenye mrija wa soda, na kinachobaki juu hakitoshi kushika. Ukibandika upao kwenye mguu bila ulimi, unabandika kichwa cha ubao, na hicho hakitadumu. Kazi ya ulimi, uwe wa kuchongwa au wa kupachika, ni kuipa gundi nyuso pana zilizolala ndani ya mbao zote mbili.

Hapo unaona kwa nini ulimi wa kupachika hauna upungufu wa asili. Ndani ya tundu la mguu, gundi haitambui kama ulimi umetokana na upao au umeletwa. Inaona uso wa mbao tu. Ila kazi inaongezeka: sasa kuna matundu mawili badala ya moja, na kila moja lisipokaa sawa kiungo kinaharibika. Fundi wa kuchomeka hakukwepa kazi, aliihamisha.

Faida yake ni mbao. Chukua viti sita, kila kimoja kina pao nane, na kila upao unahitaji ulimi wa milimita 25 kila ncha. Hizo ni milimita 50 kwa upao, mara pao 48, sawa na mita 2.4. Ni karibu futi nane za mninga zilizokatwa kwenye ubao mpya kwa ajili ya ndimi peke yake. Ukipachika, ndimi hizo zinatoka kwenye mabaki ambayo yangeishia jikoni. Kwa bei ya mninga ilivyo, ukijua umesafiri kutoka Tabora au Katavi hadi Mwanza, futi nane si jambo la kupuuza.

Kuhusu ile mashine ya kwenye video: inaitwa Domino, inatengenezwa na kampuni ya Festool ya Ujerumani, na iliingia sokoni katikati ya miaka ya 2000. Ni mashine nzuri, sina ubaya nayo. Biti yake, yaani kile chuma cha kutobolea, inazunguka huku ikiyumba kushoto na kulia kama timazi lililoguswa, hivyo inachimba tundu refu lenye ncha za mviringo. Ndimi zake zinauzwa kwa vipimo maalumu: 5 kwa 30, 8 kwa 40, 10 kwa 50, vyote milimita, na nyingi ni za mti wa Ulaya wa jamii ya Fagus. Zile za kazi za nje, ambazo hazitakiwi kuoza, wanazitengeneza kwa sipo, mti wa misitu ya Afrika ambao ni ndugu wa mkangazi. Mbao inatoka bara letu, inageuzwa vijibao vya kiwandani, kisha fundi wa hapa anaambiwa bila pakiti hiyo kazi yake haijakamilika.

Na kiungo chenyewe ni cha kale kuliko chuma cha pua. Mwaka 1954 huko Giza, Misri, kando ya piramidi kubwa, ilifukuliwa jahazi la Farao Khufu, la miaka ipatayo 4,500, urefu wa mita 43 hivi, likiwa limefunguliwa vipande 1,224. Mbao za ubavu wake zilikuwa zimepangwa kwa ndimi za kupachika na kushonwa kwa kamba. Maji ya Nyanza hii tunayoyaangalia kila asubuhi yanatoka Jinja yanakwenda hadi huko, na mafundi wa ukingo ule wa mto waliunda chombo cha mfalme kwa ndimi walizozichonga kwa mikono, vyombo vyao vikiwa vya shaba na mawe.

Basi zinachongwaje hapa kwetu?

Mimi naanza na tundu, maana ulimi unafuata tundu, hautangulii. Unene wa ulimi ni kama theluthi ya unene wa ubao mwembamba kati ya miwili. Upao wa milimita 25 unataka ulimi wa milimita nane, kwa hiyo natumia biti ya nane. Nachora mstari kwa geji, kile kifaa cha kuchorea mstari sambamba na uso wa ubao, na geji inaegemea uso wa nje wa mbao zote mbili, si mmoja wa nje na mwingine wa ndani. Kosa hilo dogo ndilo linalofanya upao utoke nje ya mguu kwa milimita mbili, halafu fundi anamaliza mchana mzima akisukuma msasa. Kisha natoboa mashimo mawili ya mwisho kwanza, halafu ya katikati yakipishana, kisha nanyoosha kuta kwa patasi kali. Ncha za mviringo naziacha. Kina nakitambua kwa selotepu niliyoizungusha kwenye biti. Asiye na mashine ya kutobolea iliyosimama achukue kipande cha mbao ngumu, atoboe humo tundu moja lililonyooka kabisa, akifunge juu ya ubao kwa klampu kiongoze biti. Drili ya mkono peke yake inapinda, hata ujione una jicho kiasi gani.

Ndipo nageukia mabaki. Nachagua vipande virefu, visivyopungua sentimita 40, vyenye nyuzi zilizonyooka na visivyo na jicho, yaani pale tawi lilipoota. Urefu huo ni kwa ajili ya vidole. Kupasua kijibao kifupi kwenye msumeno wa mashine ni kutafuta kidonda. Pasua fito ndefu, iandae yote ikiwa ndefu, na kukata vipande iwe hatua ya mwisho kabisa, kwa msumeno wa mkono.

Fito inatoka ikiwa nene kupita tundu kwa milimita moja hivi. Ile moja ndiyo kazi yenyewe. Nairanda taratibu, na kila baada ya mikupuo miwili mitatu naijaribu kwenye tundu la mfano nililolitoboa kwa biti ile ile kwenye kipande cha kutupa. Inatakiwa iingie kwa kusukumwa na dole gumba. Ukihitaji nyundo ikiwa kavu, basi ikishalowa gundi haitaingia kabisa, maana maji ya gundi yanaivimbisha. Ikichezacheza, iweke kando ianze kazi nyingine, kwa kuwa gundi nyeupe haijazi mwanya. Inataka nyuso zilizogusana. Mwanya unene wa kadi ya simu ni mwanya mkubwa.

Kingo za mviringo zinawatisha wengi kuliko zinavyostahili. Nimewahi kuona kijana akitumia nusu siku akisugua kingo za ndimi ziendane na ncha za tundu bila kuacha nafasi hata ya unywele. Alipoteza muda. Kinachoshika ni zile nyuso mbili pana, si kingo. Mimi naondoa pembe nne kwa randa, napitisha msasa mara chache, na ulimi nauacha mwembamba kwa upana kuliko urefu wa tundu kwa milimita moja au mbili. Nafasi hiyo inanisaidia kusogeza upao kidogo wakati wa kuunganisha ili ukae sawa na kichwa cha mguu, na gundi iliyozidi inapata pa kukimbilia.

Gundi kukosa njia ni tatizo la kweli. Ulimi unaobana sawasawa ukisukumwa ndani ya tundu lenye gundi unafanya kazi kama pampu ya baiskeli. Gundi inabanwa chini, haina pa kutokea, na ama ulimi unagoma kabla ya kufika mwisho, ama mguu unapasuka ubavuni. Nimeusikia mlio wake mara moja na sitaki kuusikia tena. Kwa hiyo, kabla ya kukata vipande, nachora mifereji miwili mitatu kwenye kila uso wa fito, kwa urefu, kwa meno ya msumeno, kina chake ni cha kukwaruza tu. Na urefu wa ulimi naupunguza: matundu mawili ya milimita 35 yanafanya 70, basi nakata 67 au 68. Ncha nazichonga kidogo ziwe rahisi kuingia. Matundu mawili yakikutana ndani ya mguu mmoja, ncha zinakatwa kwa mshazari zisigongane.

Kuhusu aina ya mbao, watu wananiuliza kama ulimi lazima uwe wa mti ule ule wa meza. Hapana, ila usiwe laini kuliko mbao unazoziunganisha. Kwangu mninga ni bora, kwa sababu ni miongoni mwa mbao zinazocheza kidogo sana hewa inapobadilika, na unashika gundi vizuri. Mkongo ni mgumu na unafaa. Mtiki una mafuta, hivyo uurande siku ile ile unayotia gundi. Mkaratusi unavimba na kunywea mno, na unapenda kupasuka. Mimi siuweki ndani ya kiungo. Msonobari kwa msonobari unatosha kwa rafu au kabati jepesi.

Lakini mti mzuri ukiwa mbichi haufai kitu, na hapa kando ya ziwa ndipo wengi tunaponaswa. Mbao hunyonya na kutoa unyevu wa hewa siku zote, na huvimba kwa upana na unene, kwa urefu ni kidogo sana. Mwezi wa Julai ndimi zangu zinaingia kama siagi. Masika yakifika, ndimi zile zile zilizoachwa wazi kwenye rafu karibu na dirisha hazitaki kuingia, na fundi anadhani amekosea vipimo. Mimi nazitunza kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana. Kabla ya kuunganisha naweza kuziweka karibu na jiko la mkaa, mahali pa joto tu, si pa kuungua, kwa saa kadhaa. Zinanywea kidogo, zinaingia kirahisi, kisha zinavimba kwa maji ya gundi na kubana zenyewe. Kinyume chake ndicho hatari: ulimi mbichi unabana vizuri leo, unakauka ndani ya mguu mwezi ujao, na kiungo kinaanza kulia kila mtu akiegemea meza.

Kuna mahali ambapo sipachiki. Mlango mzito wa nje nauchongea ulimi kwenye ubao wenyewe, unapita hadi upande wa pili, naupigia kabari. Benchi la kule mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, linalomwagiwa maji ya samaki kutwa nzima haliwezi kutegemea gundi nyeupe, kwani hiyo haivumilii kulowa. Hapo inahitajika gundi isiyoogopa maji, au ulimi upigiliwe vijiti vya mbao ngumu kwa ubavuni, kimoja kila upande wa kiungo, ili hata gundi ikichoka ulimi usitoke. Wale wanaopenda kupiga msumari hapo, kwa unyevu wetu huu utashika kutu na tundu lake litalegea. Na fundi mwenye oda ya viti 100 akinunua mashine na pakiti zake, amefanya hesabu yake vizuri. Anayetengeneza meza mbili kwa mwezi hana sababu ya kuona aibu na mabaki yake.

Yule mama alinisikiliza hadi mwisho, kisha akataka kujaribu mwenyewe. Nikampa ulimi mkavu. Akauweka kwenye tundu la upao, akausukuma kwa dole gumba, hewa ikatoka kwa mlio mdogo, ukaingia hadi nusu. Nikamsogezea mguu. Akaupachika, akasukuma mpaka mbao zikagusana, akapitisha kucha kwenye mstari wa kiungo kutafuta mwanya. Halafu akaushika mguu kwa mikono miwili akauinua. Upao ukainuka nao, bila tone la gundi.

Akaushusha polepole. "Baba angetaka kukiona hiki," akasema. Akachukua mkoba wake, akaelekea mlangoni, akageuka. "Fundi, vanishi nataka isiyong'aa. Tusije tukasahau."